Tetemeko moja, ML tatu: kutafuta kosa la ukubwa ndani ya SeisComP

Tuseme tetemeko limetokea chini ya uwanda wa Ziwa Natron. Kituo kilicho umbali wa kilomita 17 kinatoa ML, yaani ukubwa wa tetemeko kwa kipimo cha Richter, ya 2.7. Cha kilomita 60 kinatoa 3.3. Cha kilomita 400, kwenye mwamba mkongwe wa katikati ya Tanzania, kinatoa 4.1. Programu inapiga wastani, inatangaza 3.4, na simu zinaanza kulia. Vifaa vyote ni vizima na mawimbi yamesomwa sawasawa. Kosa ni mstari mmoja wa mipangilio ambao haujaguswa tangu programu iwekwe.

Mwongozo huu ni kwa anayeendesha mtandao mdogo wa vituo kwa SeisComP, programu inayopokea mawimbi ya vituo na kukokotoa mahali na ukubwa wa matetemeko. Hesabu yenyewe ni fupi:

ML = log10(A) − log10(A0)

A ni amplitudo kwa milimita, kama vile ingechorwa na seismomita ya Wood-Anderson, kifaa cha zamani cha kupima mitikisiko. LogA0 ni marekebisho ya umbali. Charles Richter aliweka kigezo chake mwaka 1935: tetemeko la ukubwa wa 3 huchora milimita 1 kwenye kifaa hicho kikiwa kilomita 100 kutoka kitovu, yaani mahali juu ya ardhi palipo wima juu ya tetemeko. Kwa hiyo kosa lina mahali patatu tu pa kujificha: kwenye A, kwenye logA0, au kwenye namna wastani unavyopigwa na kuchaguliwa. Kabla ya kufungua faili lolote, fungua scolv, dirisha la SeisComP la kukagua tukio, kwenye kichupo cha ukubwa, utazame jinsi namba za vituo zilivyotawanyika kufuatana na umbali. Sura ya mtawanyiko huo inakuelekeza pa kwenda haraka kuliko faili lolote la kumbukumbu.

Hakuna ML kabisa

Anza na `seiscomp status`. Kama scamp au scmag imezimwa, umeshapata jibu. Zikiwa hai zote, fuata mnyororo: scamp hupima amplitudo ikishapata orijini, yaani mahali na saa ya tetemeko; scmag huzigeuza amplitudo kuwa ukubwa wa kila kituo, kisha wa mtandao; scevent huchagua namba ya kuonyesha. Aina ya ukubwa (hapa MLv, ML ya kijenzi cha wima, na MLc, ML ya vijenzi vya mlalo inayopokea fomula yako) lazima itajwe pande zote mbili:

scamp.cfg: `amplitudes = MLv, MLc`
scmag.cfg: `magnitudes = MLv, MLc`

Ukiitaja upande mmoja tu, programu haitalalamika. Itapima amplitudo ambazo hakuna anayezitumia, au itasubiri amplitudo ambazo hazitakuja. Angalia pia kwamba orodha hii inafuta ile ya awali, kwa hiyo kama unafuatilia matetemeko ya mbali usisahau kuacha mb, mB na Mwp mahali pake. Na aina inayoletwa na programu-jalizi, kama MLh, haifanyi kazi mpaka jalizi lenyewe litajwe kwenye `plugins`.

Moduli ziko sawa na bado hakuna kitu? Washa scamp kwa `--debug` na usome inachosema kuhusu kila kituo. Mara nyingi utakuta mojawapo ya haya: kituo hakina geini (kiwango cha kifaa cha kukuza ishara) kwenye inventori (orodha ya vituo na vifaa vyake), uwiano wa ishara na kelele haukufikia kiwango cha `minSNR`, au data haijakamilisha dirisha la kupimia kwa sababu laini ya simu ya kituo inasuasua. Hili la mwisho huwachanganya wengi, maana kituo kinaonekana kijani na mawimbi yanaonekana kwenye skrini, ila yamechelewa.

Kuna pia sababu ya kina cha tetemeko. MLv ina mipaka: umbali usizidi nyuzi 8, kina kisizidi kilomita 80. Matetemeko ya Bonde la Ufa hayafiki kina hicho, lakini orijini mbovu ya kiotomatiki, iliyopatikana kwa vituo vinne vilivyo upande mmoja, inaweza kulitupa tetemeko kilomita 150 chini ya ardhi, na ML ikatoweka papo hapo. Hapo usiguse mipangilio ya ukubwa. Rekebisha mahali pa tetemeko kwanza.

Na kosa lisilokwisha: umebadilisha mipangilio ya vituo bila kuendesha `seiscomp update-config`. Mipangilio ya vituo hukaa kwenye hifadhidata, na kuhifadhi faili hakuipeleki huko. Endesha amri hiyo, kisha `seiscomp restart scamp scmag`, kisha ufunge scolv na kuifungua upya, maana nayo husoma mipangilio inapowashwa.

ML ipo, lakini orodha ya matukio haionyeshi namba

Hili ni la mitandao midogo hasa. Kwenye scolv unaona MLv ya vituo vitatu, safi kabisa, ila tukio lenyewe halina ukubwa. Sababu ni scevent. Kigezo `eventAssociation.minimumMagnitudes` kwa kawaida kimewekwa 4: ukubwa wenye vituo vichache kuliko vinne haupewi nafasi ya kuwa namba rasmi ya tukio. Kwa mtandao wa California au Japani hilo ni jambo la busara. Kwa mtandao wenye vituo sita, viwili vikiwa vinasubiri betri, ni sawa na kuzima ukubwa wa nusu ya matetemeko yako.

Unaweza kushusha kiwango, au kuwasha `eventAssociation.enableFallbackMagnitude` ili namba mojawapo ichaguliwe hata kama masharti hayakutimia. Mimi ningeshusha hadi 3 na kuacha hilo la pili limezimwa. Ukubwa wa kituo kimoja ukitangazwa, ndio utakaonukuliwa redioni asubuhi, na hakuna atakayeuliza ulitoka vituo vingapi. Angalia pia `eventAssociation.magTypes`: aina yako mpya isipotajwa humo, scevent haitaifikiria.

Vituo vyote vimezidi, au vimepungua, kwa kiasi kilekile

Linganisha namba zako na za taasisi nyingine kwa matetemeko kadhaa. Kama tofauti ni ileile kwa karibu na kwa mbali, logA0 haihusiki. Tatizo liko kwenye A, na kiasi cha tofauti chenyewe humtaja mhalifu, kwa sababu kila kosa la kuzidisha hugeuka kuwa kiasi maalumu kwenye logi.

Tofauti ya 1.0 kamili ni kosa la mara kumi, na hilo karibu siku zote ni geini: sifuri imezidi au imepungua kwenye inventori. Tofauti ya 0.6 ni mara nne, ya 0.3 ni mara mbili. Hiyo ya 0.3 ina washukiwa wawili. Ikiwa ni vituo vyenye aina moja ya dijitaiza (kifaa kinachogeuza ishara kuwa namba) tu, fundi amebadilisha ukuzaji wa awali kwenye kifaa na hakuna aliyebadilisha inventori. Ikiwa ni vituo vyote, tazama `measureType`: unapima kutoka sifuri hadi kilele, au kutoka kilele cha juu hadi cha chini? Fomula za ML zinadhani ya kwanza.

Tofauti ndogo ya 0.13 ndiyo inayowasumbua watu makini. Wood-Anderson ya vitabu vya zamani ina ukuzaji wa 2800. Mwaka 1990 Uhrhammer na Collins walionyesha kwamba ukuzaji wa kweli wa vifaa vile ulikuwa karibu na 2080, na kiwango cha kimataifa cha IASPEI, chama cha wanasayansi wa matetemeko, kinatumia namba hiyo. SeisComP huanza na 2800. Logi ya uwiano wa hizo mbili ni 0.13, na ndicho kiasi ambacho ML yako itazidi ya jirani anayetumia 2080. Kigezo ni `amplitudes.WoodAnderson.gain`. Usikibadilishe peke yake, lakini. Fomula uliyochagua ya umbali ilitengenezwa kwa ukuzaji fulani, na hivyo viwili huenda pamoja.

Na ukiona kila kitu kimeshuka kwa takriban 2.7, umenakili fomula ya IASPEI jinsi ilivyoandikwa:

ML = log10(A) + 1.11 log10(R) + 0.00189 R − 2.09

Hapo R ni umbali kwa kilomita hadi kwenye kiini, yaani mahali tetemeko linapoanzia chini ya ardhi, na A ni mwendo wa ardhi kwa nanomita, si mchoro wa Wood-Anderson kwa milimita. Ukitumia milimita za Wood-Anderson, namba ya mwisho si −2.09 bali ni +0.59. Tofauti ya hizo mbili ni 2.68, yaani logi ya kubadilisha nanomita kuwa milimita zilizokuzwa mara 2080.

Namba zikitoka hasi sana, kama −4, hakuna fumbo: umeandika jedwali la logA0 bila alama za kutoa.

Jambo moja zaidi kuhusu A. Kwa kawaida SeisComP hutumia geini pekee na kudhani kwamba kifaa kinaitikia sawa kwenye masafa yote yanayohusika. Kwa seismomita ya bendi pana hiyo ni dhana nzuri. Kwa jiofoni (kipokezi rahisi cha mitikisiko) ya Hz 4.5 si nzuri, kwani mawimbi ya tetemeko la wastani yana nguvu nyingi chini ya hapo, na ML itatoka ndogo. Kwa vituo hivyo washa `amplitudes.enableResponses`, baada ya kuhakikisha inventori ina mwitikio kamili wa kifaa, si geini tu.

Kadiri kituo kilivyo mbali, ndivyo namba inavyopanda

Hapa ndipo penye tetemeko letu la Natron, na hapa ndipo pa kutumia muda wako.

Jedwali la kuanzia la MLv ni hili:

`0:-1.3,60:-2.8,100:-3.0,400:-4.5,1000:-5.85`

Kati ya nukta moja na nyingine programu huvuta mstari ulionyooka. Matoleo ya zamani yaliandika jedwali hilohilo kwa nafasi na nukta-mkato, `0 -1.3;60 -2.8`, na ukilihamisha hivyo kwenye toleo jipya halitasomeka. Asili ya namba hizi ni kusini mwa California: −3.0 kwa kilomita 100 na −4.5 kwa kilomita 400 ni za Richter mwenyewe. Zinaeleza jinsi mawimbi yanavyofifia yakipita kwenye ardhi ya kule, iliyovunjikavunjika na yenye joto.

Tanzania si hivyo. Mwaka 1994 na 1995 vituo vya muda vya bendi pana viliwekwa nchini, na kutokana na data hizo Langston na wenzake walichapisha mwaka 1998 kipimo cha ML cha Tanzania:

−logA0 = 0.776 log10(r/17) + 0.000902 (r − 17) + 2.0

r ni umbali hadi kwenye kiini cha tetemeko, kwa kilomita. Ile 17 ni pendekezo la Hutton na Boore la mwaka 1987: vipimo vyote vikubaliane kwamba ukubwa wa 3 ni milimita 10 kwa kilomita 17, karibu na chanzo, kabla ardhi ya nchi husika haijapata nafasi kubwa ya kuyapunguza mawimbi. Katikati ya nchi kuna kratoni, mwamba wa kale uliopoa, ambamo mawimbi husafiri mbali bila kuchoka.

Sasa linganisha. Kwa kilomita 100 jedwali la kuanzia linaongeza 3.0, fomula ya Tanzania 2.67. Kwa kilomita 200 ni 3.5 dhidi ya 3.0. Kwa kilomita 400 ni 4.5 dhidi ya 3.41, yaani zaidi ya ukubwa mmoja mzima. Kwa karibu mambo yanageuka: kwenye kilomita 17 mstari ulionyooka wa kuanzia unatoa 1.73 badala ya 2.0, na kituo cha karibu kinapunguza tetemeko. Ndiyo 2.7, 3.3 na 4.1 za mwanzo. Kwa fomula ya Tanzania vituo vyote vitatu vinasema 3.0.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba linajificha kwenye wastani. Tetemeko dogo linaonekana na vituo vya karibu tu, kwa hiyo halizidi sana. Tetemeko kubwa linaingiza vituo vya mbali vingi, kwa hiyo linazidi sana. Orodha yako inapata matetemeko makubwa ya ziada ambayo hayakutokea kwa ukubwa huo, na yeyote atakayekokotoa hatari ya matetemeko kutokana nayo ataibeba ziada hiyo hadi kwenye majengo.

Ukitaka kubaki na MLv, jaza jedwali la fomula, ukiweka nukta nyingi karibu ambako mkunjo ni mkali:

`5:-1.58,10:-1.81,17:-2.00,30:-2.20,60:-2.46,100:-2.67,200:-3.00,300:-3.22,400:-3.41,600:-3.73,900:-4.13`

Lakini ningependekeza MLc. Aina hiyo hupokea vigawo vya fomula moja kwa moja bila jedwali, inakuachia uchague umbali wa kiini au wa kitovu, na inapima kwenye vijenzi vya mlalo. MLv hupima kijenzi cha wima, ilhali Richter alitumia vya mlalo. Kwenye mwamba mgumu tofauti ni ndogo, kwenye udongo laini inaweza kuonekana wazi. Na suala la umbali si la kitaaluma tu. Tawi la magharibi la Bonde la Ufa lina matetemeko ya kina cha kilomita 30 na zaidi. Kwa tetemeko la kina hicho, kituo kilicho kilomita 20 kutoka kitovu kiko kilomita 36 kutoka kiini, na kwa fomula hii ukichanganya hizo mbili umepoteza 0.2.

Je, fomula ya Tanzania itumike Afrika Mashariki yote? Hapana. Keir na wenzake walitoa mwaka 2006 ya ufa mkuu wa Ethiopia, ambako ganda la dunia limejaa magma:

−logA0 = 1.196997 log10(r/17) + 0.001066 (r − 17) + 2.0

Kwa kilomita 400 hiyo inatoa 4.05, ikizidi ya Tanzania kwa 0.64. Mtandao ulio juu ya ufa ulio hai na mtandao ulio juu ya kratoni hauwezi kutumia jedwali moja, hata kama zote ziko kwenye ukanda uleule wa ramani. Ukiwa na matetemeko ya kutosha, yaliyosambaa vizuri, tafuta vigawo vyako mwenyewe. Mpaka hapo, chukua fomula ya ardhi inayofanana na yako kisha utazame mtawanyiko tena: mteremko ukiisha, umepatia.

Kituo kimoja mkaidi

Kituo kimoja kinazidi wenzake kwa 0.4 kila mara. Kishawishi ni kwenda kwenye `magnitudes.MLv.offset` ya kituo hicho na kuandika −0.4, ikaisha. Fanya hivyo mwisho kabisa. Kwanza hakikisha geini, kisha uangalie kama tofauti ilianza siku fulani. Tofauti yenye tarehe ya kuzaliwa ni ya kifaa, na ukiifunika kwa offset itakuumbua siku fundi atakapokirekebisha. Tofauti iliyokuwepo tangu siku ya kwanza, kwenye kituo kilichojengwa juu ya mchanga au tope la ziwa, ndiyo ya ardhi, na hiyo ndiyo offset ilivyokusudiwa. Iweke baada ya kurekebisha logA0, si kabla, la sivyo utakuwa unasahihisha umbali kituo kwa kituo.

Kituo cha karibu kinachopungua kwenye matetemeko makubwa pekee kina maradhi mengine: mchoro umekatwa kilele. Dijitaiza ya biti 24 haiwezi kuandika namba inayozidi takriban 8,388,000 kwa kila sampuli. Kigezo `amplitudes.saturationThreshold` huondoa amplitudo hizo, lakini huja kikiwa kimezimwa. Ukiandika `80@23` unasema: kataa chochote kilichopita asilimia 80 ya kiwango hicho.

Matetemeko madogo yanatoka makubwa

Ukubwa wa 1.5 unaosomwa 2.3 na vituo vya mbali kwa kawaida ni kelele iliyopimwa badala ya tetemeko. Kupandisha `minSNR` husaidia, kwa gharama yake: vituo vinavyobaki ni vile ambavyo kwa bahati vilipata amplitudo kubwa, na wastani unavutwa juu. Kichujio cha awali kwenye MLc, `amplitudes.MLc.preFilter`, hutibu chanzo vizuri zaidi, mradi kisiguse masafa ya tetemeko lenyewe. Wastani nao una la kufanya: `magnitudes.average = default, MLc:median` huzuia kituo kimoja kilichopotoka kuvuta namba nzima, na kwa mtandao mdogo ningeanza na hiyo.

Kwenye mfululizo wa matetemeko, kama ule wa Goma baada ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021, dirisha la kupimia la tetemeko dogo linaweza kumeza tetemeko kubwa linalofuata sekunde chache baadaye. Hakuna kigezo kitakachokuokoa kikamilifu hapo. Fupisha mwisho wa dirisha kwa matukio ya karibu, kisha mtu akae kwenye scolv na kupitia amplitudo kwa macho.

Jaribu kabla ya kuigusa mashine inayofanya kazi

Chukua tetemeko moja unalolijua na ulihesabu pembeni:

`scxmldump -fP -E kitambulisho -d hifadhidata > tukio.xml`
`scamp --ep tukio.xml -I data.mseed -d hifadhidata > amp.xml`
`scmag --ep amp.xml -d hifadhidata > ukubwa.xml`

Rudia kwa matetemeko ya umbali na ukubwa tofauti. Ukiridhika, peleka mipangilio kwenye mashine yenyewe na uandike tarehe na saa ya badiliko mahali ambapo mwenzako ataiona. Katika mtandao uliokuwa ukitumia jedwali la kuanzia, 3.5 nyingi zitakuwa 3.0 kuanzia saa hiyo, na asiyejua atadhani ufa umetulia. Kama umebadilisha logA0 tu, amplitudo zilizohifadhiwa bado ni halali: scmag pekee inatosha kuhesabu upya orodha ya miaka iliyopita, bila kutafuta mawimbi ya zamani. Ukiwa umegusa ukuzaji wa Wood-Anderson, kichujio au dirisha, itabidi uanze tena na mawimbi.